UDONGO UWAKAO MOTO: HABARI ZA MBOJI YA AYALANDI



Wenyeji wa Limuru, wa Kinangop na wa Molo hawahitaji kufundishwa baridi ni nini. Mwezi wa Julai, ukungu unapoteremka na jua likakataa kutoka kwa siku tatu, mtu hutafuta kuni kabla hajatafuta chakula. Wenzetu wa pwani huenda wakacheka, maana kwao moto ni wa kupikia tu, na chakula kikiisha kuiva huondolewa usizidishe joto. Leo nataka kuwaeleza habari za nchi ambayo moto wa kuota ni sehemu ya uhai kwa miezi sita na zaidi ya kila mwaka, na ambayo kwa karne nyingi moto huo haukuwashwa kwa kuni wala kwa makaa ya miti, bali kwa udongo uliokatwa katika kinamasi na kuanikwa ukakauka. Nchi hiyo ni Ayalandi, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, kikielekea bahari kuu ya Atlantiki.

Ayalandi si nchi ya theluji nyingi. Baridi yake ni baridi ya maji: mvua nyembamba isiyokwisha, upepo wa baharini, na mwezi wa Desemba jua huzama mara tu baada ya saa kumi jioni. Nyumba isiyo na moto hushika unyevu kutani, nguo hazikauki, na wazee na watoto wachanga huugua kifua. Na miti je? Misitu ya kale ilikatwa kwa ajili ya mashamba, merikebu na viwanda vya chuma, hata mwanzoni mwa karne ya 20 palibaki msitu kama sehemu moja tu katika mia ya nchi nzima. Makaa ya mawe yalipatikana mahali pachache na kwa uchache. Mengi yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza, na mkulima maskini hakuwa na fedha ya kuyanunua. Basi akatazama chini ya miguu yake.

Hapa mfasiri hupata taabu kidogo. Waayalandi wenyewe huita kitu hiki *móin*, na majirani zetu wa Rwanda wanacho na wana jina lake, nyiramugengeri. Sisi kwa Kiswahili hatuna neno linalojulikana na kila mtu. Nitatumia neno mboji, yaani masalio ya majani na mizizi. Lakini yafaa msikilizaji aelewe kwamba siyo ile mboji nyeusi ya chini ya migomba. Ile ya shambani imeoza kabisa ikawa chakula cha mimea. Hii ya kinamasi ilizuiwa kuoza, na kwa sababu hiyo huwaka.

Hutokea hivi. Mahali ambapo maji hutuama daima, hewa haiingii, na vidudu vile visivyoonekana ambavyo kazi yao ni kuozesha hushindwa kufanya kazi. Katika vinamasi vya Ayalandi huota mmea mdogo sana, laini kama sponji, usio na mizizi. Huo huota juu na kufa chini, na hufanya maji yawe makali mfano wa siki, na hivyo kuoza huzuiwa zaidi. Kila mwaka tabaka jipya hulala juu ya tabaka la mwaka uliopita. Kwa kadiri ya kawaida unene huongezeka milimita moja kwa mwaka. Hesabu hiyo si ngumu: mita moja ya mboji ni kazi ya miaka elfu. Vinamasi hivyo vilianza baada ya barafu kuu kuyeyuka, yapata miaka 10,000 iliyopita, na baadhi yao vina kina cha mita sita au saba na zaidi. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba, lakini hawa kibaba chao kimoja kilijazwa na vizazi arobaini.

Na kwa kuwa kinamasi hakiozeshi, huhifadhi. Mwaka 1950 huko Denmark watu waliokuwa wakikata mboji walikuta maiti ya mtu mwenye kamba shingoni, uso wake mzima hata ndevu fupi zikionekana, wakadhani ni mtu aliyeuawa siku chache zilizopita, wakaita polisi. Wataalamu walipompima wakaona kwamba alikufa miaka ipatayo 2,400 iliyopita. Katika Ayalandi pia maiti za namna hiyo zimeonekana, nazo ziko katika jumba la makumbusho mjini Dublin, pamoja na mapipa ya siagi ambayo watu wa kale waliizika kinamasini isiharibike. Mwaka 2006 mwendesha mashine ya kuchimba katika jimbo la Tipperary aliona kitu ndani ya matope, akasimamisha mashine yake. Kilikuwa kitabu cha Zaburi kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi yapata mwaka 800. Na katika jimbo la Mayo, katika miaka ya 1930, mwalimu wa shule aliyeitwa Patrick Caulfield, alipokuwa akikata mboji ya nyumbani kwake, alitambua kwamba mawe aliyoyafikia chini kabisa yalikuwa yamepangwa kwa mkono wa mtu. Mwanawe Seamas, aliyesomea elimu ya mambo ya kale, alifuata kuta hizo kwa kuchoma ardhi kwa vyuma virefu, na ikajulikana kwamba chini ya kinamasi kuna mashamba na mipaka yake, ambayo wataalamu wengi huyahesabia umri wa miaka zaidi ya 5,000. Watu wale walilima. Kisha kinamasi kikapanda juu ya mashamba yao polepole.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwa maana watu wengi hudhani kwamba moto wa bure haumgharimu mtu kitu.

Mwezi wa Aprili au Mei, siku kavu zikianza, mwenye sehemu yake huenda kinamasini. Kwanza huondoa ngozi ya juu, yaani nyasi na mizizi, na mtu mwangalifu huilaza tena chini, mahali palipokwisha kukatwa, ipate kuota upya. Ndipo huingia na sepetu iitwayo *sleán*, ambayo bapa lake ni jembamba na upande mmoja lina bawa, hata pigo moja hukata pande mbili za tofali kwa mara moja. Mkataji hukata na kurusha. Mwenzake hudaka na kupanga juu ya toroli. Tofali hilo bichi ni zito, huteleza kama samaki, na katika kila ratili kumi za uzito wake ratili tisa hivi ni maji. Kwa hiyo kazi kubwa si kukata. Kazi kubwa ni kuondoa maji, na katika nchi ya mvua kama ile hakuna wa kuyaondoa ila upepo na mgongo wa mtu.

Matofali hutandazwa chini siku kadhaa mpaka yashike ngozi ya juu. Kisha watu wote wa nyumbani, wanawake na watoto pia, huinama na kuyasimamisha manne au sita pamoja, yakiegemeana vichwa kama bunduki za askari waliopumzika, ili upepo upite katikati. Kazi hii huumiza kiuno kuliko kupalilia. Baadaye hukusanywa katika mafungu makubwa zaidi, na yakikauka vema hupelekwa nyumbani kabla ya mvua za vuli, zamani kwa punda mwenye matenga mawili ubavuni, siku hizi kwa trekta. Hapo hujengwa lundo refu kando ya ukuta wa nyumba, matofali ya nje yakipangwa kwa mteremko ili mvua iteleze. Mpita njia akiona lundo lililojengwa vizuri humjua mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Mwaka wa mvua nyingi watu walipata hasara kubwa: mboji haikukauka, na jirani alimwomba jirani.

Mambo hayo mtu mmoja hayawezi peke yake. Waayalandi wana neno *meitheal*, maana yake kundi la majirani waliokutana kumfanyia mmoja wao kazi, naye awalipe kwa kwenda kwao siku yao ikifika. Wakikuyu wakisikia neno hilo watajibu ngwatio, na Wakamba watasema mwethya. Mwenye kazi hutoa chakula na chai kinamasini, na wazee wa huko husema kwamba hakuna chai iliyo tamu kama ile.

Si kila mahali palikuwa na mboji. Visiwa vya Aran, karibu na pwani ya magharibi, ni mawe matupu. Kwa hiyo hata katikati ya karne ya 20 vyombo vya matanga vya Connemara vilijaza mboji na kuvuka nayo mpaka visiwani, kama vile majahazi ya Lamu yalivyopeleka boriti Arabuni na Ghuba kwa watu wasiokuwa na miti ya kuezekea. Na watoto wa shule katika vijiji vingi walikwenda asubuhi kila mmoja na tofali lake kwapani, ndiyo moto wa darasa. Asiyeleta, yasemwa, aliketi mbali na jiko.

Tuingie nyumbani. Mboji haiwaki kwa ndimi kubwa kama kuni kavu. Huwaka polepole kwa wekundu mtulivu, na harufu yake ni tamu kwa aliyezaliwa nayo. Waayalandi waliohamia Marekani husema kwamba harufu hiyo huwakumbusha kwao kuliko picha yo yote. Mboji ya tabaka la juu, iliyo ya rangi ya kahawia, ni nyepesi na huisha upesi. Ile ya chini kabisa, nyeusi na ngumu, hukaribia makaa ya mawe kwa joto lake. Hata hivyo kwa wastani yahitaji kilo mbili za mboji kavu kupata joto la kilo moja ya makaa ya mawe mazuri. Majivu yake ni mengi, na majivu hayo yana faida: usiku mama wa nyumba huyafunika makaa kwa majivu, na asubuhi huyafukua yakiwa bado hai, akaongeza tofali na kupuliza. Kuna nyumba zilizojisifu kwamba moto wao haukuzimika tangu zama za babu. Mkate uliokwa ndani ya chungu cha chuma, makaa yakiwekwa chini na mengine juu ya kifuniko, jambo ambalo mpishi wa wali wa pwani hahitaji kuelezwa, kwa kuwa naye hupalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria.

Haki ya kukata mboji ilikuwa jambo zito kama haki ya maji kwa wafugaji. Zamani ardhi ilikuwa mali ya mabwana wakubwa, na mpangaji alikata mboji kwa idhini yao. Sheria za kununua ardhi, hasa ile ya mwaka 1903, zilipowawezesha wapangaji kuwa wenye mashamba, sehemu za kinamasi pia ziligawanywa, na familia nyingi zikapewa kipande au haki ya kukata katika kipande. Haki hizo hurithiwa. Kwa hiyo mtu aambiwapo leo asikate, hasikii habari ya moto tu. Asikia kwamba atanyang'anywa kitu alichoachiwa na baba yake, ambacho babu alikipata kwa shida.

Mambo yakabadilika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ayalandi haikuingia vitani, lakini makaa ya mawe kutoka Uingereza yakapungua sana. Serikali ikawaagiza watu wakate mboji kila mahali, ikajenga makambi ya wafanya kazi, na malundo marefu ya mboji yakapangwa katika bustani kubwa ya Phoenix Park mjini Dublin. Kisha ukaja mwanzo wa mwaka 1947, wenye baridi kali ya theluji, na watu wakataabika kwa uhaba wa moto. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1946, bunge lilikuwa limeanzisha shirika la umma liitwalo Bord na Móna, maana yake Halmashauri ya Mboji. Mkuu wake, Bwana Todd Andrews, alikuwa amekwisha kusafiri Ujerumani na Urusi katika miaka ya 1930 kutazama jinsi wenzao walivyokata mboji kwa mashine.

Shirika hilo lilifanya kazi ya ajabu, nami sioni sababu ya kuinyima sifa. Lilichimba mifereji ya kukausha vinamasi vikubwa vya katikati ya nchi, likatandika njia ndogo za reli juu yake, likasaga mboji kwa mashine mpaka ikawa unga, na kuishindilia sehemu yake ikawa vipande vigumu vya kuuzwa madukani kwa moto wa nyumbani. Kituo cha kwanza cha kutoa umeme kwa mboji kilianza kazi Portarlington mwaka 1950. Maelfu ya vijana waliokuwa tayari kuvuka bahari kutafuta kazi walipata mshahara kwao. Ujuzi huo ulifika hata kwetu: shirika la mboji la Burundi, ONATOUR, lilianzishwa mwaka 1977, na wataalamu wa Bord na Móna walikwenda huko kusaidia. Mboji ya Burundi ilinunuliwa hasa na kambi za askari na magereza. Rwanda nayo ilifungua mwaka 2017 kituo cha Gishoma, katika wilaya ya Rusizi, kilichojengwa ili kutoa umeme kwa nyiramugengeri.

Lakini sepetu moja na mashine mia si kitu kimoja. Sepetu hukata ukingo wa kinamasi. Mfereji hukiua chote, maana maji yakiondoka hewa huingia, na ule uozo uliongoja miaka elfu nane huanza kazi. Baada ya nusu karne mashamba makubwa ya mboji ya Offaly na majirani zake yalikuwa uwanda wa kahawia usio na jani. Vinamasi vya namna ile iliyovimba katikati kama mgongo wa kobe vilibaki vichache sana katika hali yao ya asili, na Ulaya ya magharibi haina pengine vingi vya kuvilinganisha navyo.

Jambo la pili ni hewa. Mboji ni mkaa ulioazimwa hewani miaka mingi iliyopita. Vinamasi vya dunia ni kama sehemu tatu tu katika mia za nchi kavu, lakini vimeficha kaboni nyingi kuliko misitu yote kwa jumla. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba chini ya misitu ya bonde la Kongo kuna mboji iliyoenea kilomita za mraba 145,500, yenye kaboni ipatayo tani bilioni 30. Ikichomwa au ikikaushwa, hiyo kaboni hupanda na kuongeza joto la ulimwengu. Kwa kila kiasi cha joto kipatikanacho, mboji hutoa hewa ya ukaa zaidi ya makaa ya mawe, na karibu mara mbili ya ile itolewayo na gesi.

Jambo la tatu ndilo la karibu zaidi, nalo ni moshi. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya mafiga matatu ajua macho ya mama yake yalivyokuwa mekundu. Moshi wa mboji hauchomi macho sana kama wa kuni mbichi, na kwa hiyo watu waliuona kuwa mpole. Upole huo ni wa harufu tu. Ndani yake mna chembe ndogo kupita kiasi, ambazo huingia mpaka ndani ya mapafu na kupita katika damu. Dublin ilipopiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi mwaka 1990, masizi ya hewani yalipungua kwa sehemu 70 hivi katika mia. Lakini miji midogo na vijiji viliendelea. Idara ya serikali ya Ayalandi inayoangalia mazingira ilikadiria, katika miaka iliyokaribia 2020, kwamba chembe za namna hiyo hufupisha maisha ya watu wapatao 1,300 kila mwaka katika nchi hiyo, na ikasema kwamba chanzo kikubwa ni mioto ya majumbani: makaa ya mawe, mboji na kuni mbichi.

Basi serikali ikaanza kukaza. Mwaka 2011 ilizuia ukataji katika vinamasi 53 vilivyotengwa kwa hifadhi kufuatana na sheria ya Ulaya ya mwaka 1992. Waliokuwa na haki humo waliahidiwa fidia ya euro 1,500 kwa mwaka kwa miaka 15, au waletewe mboji kutoka mahali pengine. Wengine walikubali, wengine walikwenda kukata usiku, na polisi wakatumwa kinamasini, jambo lililoleta uchungu mwingi. Upande wa viwanda ulikwisha upesi zaidi. Vituo vya umeme vya Shannonbridge na Lanesborough vilifungwa mwishoni mwa mwaka 2020. Bord na Móna ikatangaza Januari 2021 kwamba imekwisha kukata mboji. Na kituo cha Edenderry kikaacha kuchoma mboji mwisho wa mwaka 2023. Mwaka huo huo wa 2021, meli ilitia nanga Ayalandi ikiwa na mboji kutoka Latvia, kwa ajili ya wakulima wa uyoga na maua. Nchi ya mboji ikanunua mboji. Wakulima wa huko walilisema sana jambo hilo, na mimi siwalaumu.

Halafu ikaja zamu ya meko ya nyumbani. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 31 Oktoba 2022 zilikataza mboji kuuzwa madukani, katika vituo vya petroli, au kwa matangazo ya magazeti na intaneti. Fikirini wakati wenyewe: ilikuwa mwaka wa vita vya Ukraine, bei ya mafuta na gesi imepanda kila mahali Ulaya, na mjane wa kijijini aambiwa kwamba moto wake ni hatari. Wabunge wa mashambani walipiga kelele, wa mjini wakajibu kwa hesabu za madaktari, na serikali yenyewe ikakaribia kugawanyika. Mwisho wake yalikuwa mapatano. Mwenye haki ya kukata aweza kukata, kuchoma nyumbani kwake, na kumpa au kumwuzia jirani kwa mkono wake mwenyewe. Asichoweza ni kufanya duka.

Kuna waliosema kwamba sheria hiyo ilimwonea maskini, na wengine kwamba ilimwogopa. Mimi naona ilikwepa swali moja. Wanaotetea moto wa mboji hupenda kutuonyesha mzee mmoja na sepetu yake, na kweli mzee huyo hakuharibu nchi. Lakini tangu miaka ya 1980 mboji nyingi ya nyumbani haikukatwa na sepetu. Hukatwa na mashine ivutwayo na trekta, ambayo huikamua kama unga wa tambi na kuilaza chini kwa mistari mirefu. Mwenye mashine humaliza kwa muda wa saa moja kazi ya familia ya siku nyingi. Familia hubaki na kuinama na kusimamisha tu. Kwa hiyo ile haki iliyopimwa zamani kwa nguvu za mikono imebaki na jina lake, lakini kipimo chake kimeondoka. Kwa upande wa pili, anayesema moto ule uzimwe kesho sharti aseme mama yule ataota nini kesho. Hesabu ya watu ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba nyumba kama moja katika kila ishirini nchini Ayalandi ilitegemea mboji kwa joto lake, na katika jimbo la Offaly zaidi ya moja katika kila tatu. Serikali hutoa msaada wa fedha kwa kuziba kuta na dari zisipitishe baridi, na kwa kuweka mashine za umeme zivutazo joto kutoka hewani. Lakini hata baada ya msaada, matengenezo ya nyumba nzima ya zamani humgharimu mwenyewe maelfu ya euro, na fundi humfikia baada ya kungoja sana. Sisi wa Kenya tuliona jambo la namna hiyo mwaka 2018, ukataji wa miti ulipositishwa katika misitu ya serikali na bei ya gunia la makaa ikapanda, ilhali jiko la gesi lilikuwa bado halijafika katika nyumba nyingi.

Kuhusu sisi wenyewe nitasema neno moja tu, kwa kuwa najua nitaulizwa. Kenya ina kinamasi cha mboji karibu na mji wa Kikuyu, kiitwacho Ondiri, ambacho ukikanyaga hutikisika chini ya miguu kama godoro. Kutoka hapo huanza mto wa Nairobi. Anayetaka kukikausha apate udongo wa kuwasha moto afikirie kwanza maji ya walio chini ya mto.

Huko Ayalandi kazi iliyopo sasa ni kuziba mifereji ile ile iliyochimbwa kwa jasho. Mpango wa Bord na Móna ulitaja hekta 33,000 hivi za kurudishiwa maji. Baadhi ya wafanya kazi waliokuwa wakiendesha mashine za kukata ndio wanaoendesha mashine za kuziba, na mahali ambapo maji yamesimama tena, ile mimea midogo kama sponji imeanza kuonekana kingoni. Na upande wa magharibi, katika Mayo na Connemara, siku kavu za Mei zikifika bado utawaona watu wameinama juu ya mistari ya mboji, wakisimamisha matofali manne manne, sita sita, na kutazama mawingu yatokayo baharini.